Mmefungua injini ya Morris Minor yangu bila ya kuuchunguza moshi

Kwa Meneja,
Gereji ya Kampuni, Chake Chake, Pemba.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni mteja wenu wa Wete, mwenye Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, injini ya cc 1,098, niliyoachiwa na marehemu baba. Niliileta kwenu ikitoa moshi wa buluu. Nikalipa shilingi 1,350,000. Ikarudi na moshi wake ule ule.

Siku ya kuileta nilimweleza fundi wenu mara mbili: moshi hutoka asubuhi ninapoiwasha, kisha ukakatika. Hutoka tena nikiteremka mlima wa bandarini hali nimeondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Nikifika chini nikakanyaga, wingu linatanda nyuma. Nikipanda na magunia ya karafuu, hautoki. Hakuandika hata neno. Na maelezo yale yalikuwa nusu ya kazi! Moshi wa buluu ni oili inayoungua, hapo hatubishani, lakini oili huingia kwa njia zaidi ya moja. Ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, zikichakaa, moshi huzidi injini inapolemewa, yaani unapopanda mlima. Ukiachia mafuta, injini hunyonya kwa nguvu, na oili ya juu hupenya penye sili za valvu zilizokufa (vizibo vidogo vinavyozuia oili isipenye kwenye milango ya hewa na moshi ya injini), ikajikusanya, ikaungua pale unapokanyaga tena. Gari likilala, oili hiyo hudondoka kidogo kidogo hadi asubuhi.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, haikupimwa, risiti yenu haina kipimo hata kimoja. Mngepima, mkatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, mkapima tena: kipimo kikipanda sana, ringi ndizo mbovu; kisipopanda, zitupiwe macho valvu. Nyinyi mkashusha injini, mkabadilisha ringi na pistoni zote nne. Nilipopiga simu nikajibiwa kwamba gari kongwe lazima livute moshi, nitie oili nzito. Neno hilo limeniuma kuliko fedha.

Mzee mmoja fundi hapa Wete alipitisha kamba kwenye tundu la plagi, akaizungusha injini mpaka pistoni ikaikandamiza kamba chini ya valvu zisianguke, akazitoa sili bila ya kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Zilikuwa kavu, zikimeguka vidoleni. Akatia mpya nane. Nusu siku, shilingi 60,000 pamoja na vipuri. Tangu hapo nimekwenda Konde na kurudi mara tatu, na moshi hakuna.

Naomba ndani ya siku 14 mnirejeshee shilingi 600,000 mlizotoza za ufundi, na pistoni zangu za zamani, ambazo hamkunipa wala hamkuniuliza. Hizo ni mali yangu, na za asili hazipatikani ovyo. Mkikataa, nitalifikisha jambo hili kwa wanaosimamia haki za walaji.

Sili za zamani nimezihifadhi koponi. Fundi wenu akitaka kuziona, nitazileta mwenyewe.

Wenu,
Mteja wa Morris ya kijivu, Wete