Risala ya vijana wa Jumuiya ya Mtakatifu Gallus kwa mgeni rasmi, sikukuu ya somo, Oktoba 16

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Wazee wetu na wanajumuiya wote,
Tumsifu Yesu Kristo!

Karibu sana. Wengi hapa tunalijua jina la Gallus kwa wajomba na majirani, na wazee wanamkumbuka Abate-Askofu Gallus Steiger wa Peramiho. Mwenye jina la kwanza hatumjui sana, basi tumeona leo tumseme yeye.

Wasifu wake wa kale unasimulia kwamba alitoka Ireland na mwalimu wake Columbanus. Mwaka 612 hivi, mwalimu aliamua kuvuka milima ya Alpi kwenda Italia. Gallus alishikwa na homa, akaomba abaki. Columbanus akadhani anategea. Akamruhusu, ila kwa adhabu nzito: asiadhimishe Misa maadamu yeye Columbanus yu hai.

Gallus alitii. Homa ilipopoa aliingia msituni kando ya mto Steinach, akajikwaa, akaangukia miiba. Shemasi alipotaka kumwinua alikataa. Papo hapo ndipo pakawa makao yake. Alikuwa mvuvi, nyavu akizishona mwenyewe.

Mwaka 615 Columbanus alifariki huko Bobbio. Gallus akamtuma shemasi wake, naye akarudi na fimbo ya marehemu, ishara ya msamaha. Kumbe aliyekuwa amesusiwa hakuwa amesahauliwa. Baadaye walipotaka kumfanya askofu wa Konstanz, alikataa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utaona pia igizo letu la dubu aliyemletea Gallus kuni akalipwa mkate. Dubu tumemshona kwa magunia. Jana kwenye mazoezi watoto walipiga kelele, "Fisi! Fisi!" Tunaomba radhi mapema.

Pale msituni Abate Otmar alianzisha monasteri mwaka 719, na leo ndipo ulipo mji wa St. Gallen, Uswisi. Maktaba yake ina hati za mkono zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa zimeandikwa na wamonaki wa Ireland.

Sisi tuna kabati moja la vitabu, mlango umeliwa na mchwa, na mvua ikinyesha tunalifunika kwa turubai. Ombi letu ni mbao, bati chache na kufuli. Ufundi tutafanya wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.