Taarifa ya mwenyekiti: gawio letu limeenda wapi

Habari zenu wanachama wenzangu wa chama chetu cha maziwa, poleni na mihangaiko. Najua wengi mnaifungua hii taarifa kutafuta kitu kimoja tu, gawio, kwahiyo niseme mapema: mwaka huu hakuna, hela yote ya faida imeingia kwenye lile tangi la kupozea maziwa mnaloliona pale ofisini.

Kamati tulibishana miezi mitatu. Benki walikuwa tayari kutukopesha, afisa mikopo akaja mpaka hapa, kijana mstaarabu, chai akanywa, madumu akahesabu, kisha akauliza hati ya kiwanja ya kuweka dhamana iko wapi. Wote tukaangalia chini mana kiwanja chenyewe tumekodi. Mjumbe mmoja akajitolea hati ya nyumba yake, mkewe akagoma, na mimi namuunga mkono shemeji kabisa. Halafu riba siyo peke yake, kuna ada ya mkopo, kuna bima, kuna valuesheni, yaani kupima thamani ya mali, na rejesho halijui kama ni kiangazi ng'ombe wamekauka.

Wengine wakasema tumwingize mwekezaji atoe hela yote achukue nusu ya hisa. Riba hapo hamna kweli, ila bei ya lita angeipanga yeye.

Hata makampuni makubwa mengi huanza kuchungulia faida yao, isipotosha ndo wanakopa, hisa mpya wanauza mwishoni kabisa. Nakumatt, supamaketi za Kenya, ilifungua matawi mpaka huku kwetu Tanzania kwa mikopo na kwa mali za wasambazaji ambao hawajalipwa, madeni yakapita bilioni 30 za Kenya, 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe. Wasambazaji ndo watu kama sisi jamani! Ila mwaka huohuo familia yenye Naivas, supamaketi nyingine za Kenya, iliuza asilimia 30 ya hisa kwa wawekezaji wa nje na matawi yakazidi kuongezeka, kwahiyo hela ya nje siyo sumu.

Na hela ya ndani, yaani faida yetu wenyewe, siyo ya bure. Baada ya kulipia tangi hela ya mzunguko ya kila siku ilikata, mwezi wa tano mkakaa wiki tatu bila malipo ya maziwa. Hilo kosa ni langu, nilitakiwa nibakize kitu, naombeni radhi.

Kwenye mkutano nitaomba ruhusa tukope kidogo, mkopo wa muda mfupi, wa mzunguko tu. Mje na madaftari yenu ya maziwa, mweka hazina atayahakiki palepale.