Tangi la rotifa halianikwi juani

Mhariri,

Wafugaji wa mwatiko na kamba huku Malindi na Ngomeni wakikuta rotifa, wale wanyama wadogo mno wa majini wanaolishwa vifaranga, wamekufa asubuhi, hulaumu mbegu ya kuanzia au hamira wanayowalisha. Mara nyingi kosa ni pale tangi lilipowekwa, na inasikitisha kwamba mafunzo mengi hugawa mbegu na pampu za hewa bila kugusia kivuli.

Mwenye kuhitaji mwanga ni mwani, ule mdogo wa kijani wanaokula rotifa; rotifa mwenyewe hahitaji. Katika ndoo ndogo mwani hutosheka na luksi (kipimo cha mwanga) 2,500 hadi 5,000, ilhali jua la mchana wakati wa kaskazi hufika luksi 100,000. Ndoo nyeupe ya lita 20 chini ya paa la makuti, pembeni mwanga unapoingia, inaufaa mwani. Tangi jeusi la maji lililokatwa nusu halifai hata kidogo: mwanga huingia kwa juu tu, kuta zinachemka, na mwani wa chini unabaki gizani ukimaliza oksijeni hadi unaoza.

Rotifa mtengenezee maji nusu ya bahari, nusu matamu, yasiyo na klorini, yenye joto la nyuzi 25 hadi 28. Ukimweka juani, mwani uliomo ndani hufyonza hewa ya ukaa kwa kasi, pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, huvuka 9, na amonia ya kinyesi hugeuka sumu kali. Maji huwa bado ya kijani, nawe unaona yote ni shwari, kumbe rotifa wameshaacha kubeba mayai. Kwa hiyo tazama mayai kwa hadubini kila siku, usitazame rangi. Lakini usilifunike tangi gubigubi pia, kwani katika mwanga hafifu mwani ambao haujaliwa huendelea kufyonza amonia. Vuna robo ya tangi kila siku kwa chujio lenye matundu ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 50 au 60, ujazie maji ya chumvi ileile.

Atemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba ambao nao ni chakula cha vifaranga, na ambao waliingizwa katika mashamba yetu ya chumvi miaka ya 1980, wana tabia nyingine. Mayai yao, gramu 2 kwa lita ya maji ya bahari, yanataka taa ya karibu, kama luksi 2,000, katika saa za mwanzo baada ya kulowa. Bila hiyo mengi hayaanguliwi. Baada ya saa 24 zima hewa, funika juu, mulika chini. Watoto hukimbilia mwanga na maganda huelea. Dakika 10 zinatosha, wakizidi hapo hukosa pumzi. Walishe samaki papo hapo, kwani kila saa inayopita wanakula akiba ya kiini chao wenyewe.

Bwawani, zuplanktoni (wanyama wadogo wanaoelea majini) wengi huzama mchana na kupanda juu usiku. Anayechota maji ya juu saa sita mchana na kusema bwawa ni tupu amepima wakati mbaya. Achote usiku kwa tochi. Na mto Sabaki ukileta tope jekundu wakati wa masika, msimwage mbolea. Mwanga haupenyi, mwani hauwezi kuitumia. Yaacheni maji yatuame kwanza, mpaka sahani nyeupe ionekane hadi sentimita 30 chini.

Mfugaji wa samaki,
Ngomeni, Malindi