Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Nne, kwa Kushirikiana na Mafundi Sanifu wa Maabara ya Mashine za Umeme, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Walimu wetu na mafundi sanifu wetu wa maabara,
Wageni waalikwa kutoka viwandani,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kuacha shughuli zako siku ya kazi. Tunajua humu ndani huna ugeni. Uliwahi kukaa kwenye meza hizi ukiwa mwanafunzi, na mafundi sanifu wetu wa siku nyingi wanasema wanakukumbuka vizuri, ingawa wamekataa kutuambia wanakukumbukia lipi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumekualika tukiwa na ya kuponywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kozi tunayoionyesha leo ni ya mashine za umeme na uendeshaji wa mota, inayosomwa mwaka wa nne. Kwa wageni wasio wa fani hii, ni kozi yenye mihadhara, maabara na asaimenti. Alama 40 hutokana na kazi za muhula, na 60 zilizobaki ni za mtihani wa mwisho. Ukisoma mgawanyo huo utadhani maabara ni nyongeza tu. Sisi tulioipitia tunasema maabara ndiyo kozi yenyewe. Ukikosa mhadhara utaomba madesa kwa mwenzako na maisha yataendelea. Ukikosa zoezi la maabara, hakuna madesa yatakayokufundisha mota iliyozidiwa inanukaje.

Mashine tunayoshinda nayo zaidi ni mota ya induksheni ya fezi tatu, yaani inayolishwa kwa nyaya tatu za umeme. Mvumbuzi Nikola Tesla alipata hataza yake Marekani mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo inayosaga unga wetu mtaani, inayovuta maji kisimani na kuzungusha mikanda ya viwandani. Nchi yetu sasa ina bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Tuna treni ya SGR inayokwenda kwa umeme wa kilovolti 25. Tunafurahi na kujivunia. Ila sehemu kubwa ya megawati hizo, zikishafika kiwandani, zinaishia kwenye mota, na mota ikichaguliwa vibaya au ikilindwa vibaya huungua hata kama bwawa limejaa pomoni. Mtu wa kuichagua na kuilinda anaandaliwa kwenye vyumba kama hiki, na ndiyo maana tumeona risala yetu izungumzie chumba hiki na si jambo lingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Turuhusu tukueleze zoezi moja kwa kirefu, kwa kuwa hayo mengine yanafanana nalo. Kundi linapewa mota yenye kibao kinachosomeka mizunguko 1,440 kwa dakika. Kazi ya kwanza haina waya wala swichi: soma kibao, kisha eleza kwa nini hakikuandikwa 1,500, wakati kwa mota ya poli nne kwenye umeme wa hezi 50 hiyo ndiyo kasi ya uga wake wa sumaku. Ukishaeleza slipu ya asilimia 4, yaani kiasi ambacho mota inabaki nyuma ya uga huo, kwa maneno yako, unaruhusiwa kugusa. Unapima ukinzani wa koili kwa umeme wa DC. Unaizungusha mota bila mzigo kwa volti zake kamili, unaandika volti, ampia na wati. Halafu inakuja sehemu inayotoa jasho. Shafti, ule mhimili wa mota, inafungwa isizunguke, na volti zinapandishwa taratibu kutoka sifuri kwa variaki, yaani transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono, mpaka ampia zifike zile za kwenye kibao, basi. Mwanafunzi mwenye haraka akifungulia volti zote kwa mpigo, mota iliyofungwa shafti itavuta mkondo wa mara tano hadi saba ya kiwango chake, na hapo ama fyuzi inakwenda ama koili inaanza kufuka moshi. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vinavyotupa saketi ya mfano ya mota, ile ambayo kitabuni huchorwa kwa mistari minne tukaipita bila kuisalimu.

Fundi sanifu wetu mmoja ana mchezo wake ambao tumeomba ruhusa yake kuusema hapa. Kabla hatujaingia, huchomoa fyuzi ya fezi moja, akarudishia kifuniko, akakaa pembeni na kikombe chake cha chai. Kundi linaunganisha waya, linakagua, linawasha. Mota inanguruma, haizunguki. Hapo ndipo tabia za watu hujulikana. Kuna anayerudia kusoma mchoro huku umeme ukiwa umewaka. Kuna anayenyoosha mkono aisukume shafti, na kwa kweli ukiisukuma itaanza kuzunguka, tena upande wowote utakaoisukumia, ila mkono hauna spea. Kuna anayesema mota imekufa iletwe nyingine. Fundi hunyanyuka na kusema neno lile lile kila mwaka: "Zima kwanza, ubishi baadaye." Ukizima, ukapima fezi moja moja, ukakuta ya tatu haipo, hutasahau maishani mota iliyokosa fezi inasikikaje. Wengi tuliokwenda mafunzo kwa vitendo viwandani tulikutana na mlio huo huo kwenye pampu na mashine za kusaga, na tulijua la kufanya kabla ya kuulizwa.

Sheria za usalama tunazifuata kwa ukali ambao mwanzoni tuliuona wa kijeshi: viatu vya kufunika, nguo zisizopwaya, pete na saa mezani, nywele ndefu zifungwe, na hakuna anayewasha kabla saketi haijakaguliwa na mtu asiyeiunganisha. Hatujutii ukali huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kuhusu asaimenti tutasema kweli, kwa kuwa nawe ulikuwa mwanafunzi. Kudesa kupo. Zamani mmoja alifanya, wenzake wakanakili, wa mwisho akanakili mpaka jina. Walimu wetu hawakuhubiri, walibadilisha swali. Sasa swali ni moja kwa darasa zima, lakini namba za ndani yake zinatoka kwenye namba yako ya usajili. Una pampu ya maji shambani, na urefu wa kebo kutoka kwenye transfoma ni mita 100 ukijumlisha tarakimu zako mbili za mwisho. Chagua unene wa waya ili volti zisianguke kupita kiasi, chagua namna ya kuianzisha mota, pangilia relei ya ovaloudi, ile inayoikatia mota umeme ikizidiwa, na useme umelipia nini na umeacha nini. Ukileta jibu la rafiki yako, umeleta kebo ya rafiki yako. Kichekesho hicho kimetokea, na kimetosha.

Baada ya kukusanya, kila mmoja hukaa na mwalimu dakika chache kwa maswali ya mdomo. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoandika ripoti nzuri kuliko ya mwenye ripoti, na hatuwezi kujifanya hatuzijui. Maoni yetu ni kwamba kuzikataza ni kupoteza muda. Muulize tu mwenye ripoti kwa nini amechagua sta-delta, yaani kuianzisha mota kwa volti pungufu kwanza, badala ya kuiwasha moja kwa moja. Anayeelewa atakwambia kwamba mkondo wa kuanzia unashuka hadi theluthi moja, kisha ataongeza bila kuulizwa kwamba nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi moja, hivyo mzigo mzito hautanyanyuka. Asiyeelewa ataishia kwenye sentensi ya kwanza, aanze kutazama dari.

Ubaya wa utaratibu huu ni kwamba unachosha walimu. Kusahihisha majibu ambayo hakuna mawili yanayofanana, kisha kumhoji kila mtu, ni kazi ya watu wengi inayofanywa na wachache. Tunaomba uongozi wa idara uliopo hapa ulisikie hilo kutoka kwetu, maana wao wenyewe hawatalisema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tufike kwenye yanayotuuma. Meza zilizopangwa kwa wanafunzi watatu zinakaliwa na sita. Katika kundi la sita, wawili wanaunganisha, mmoja anaandika, watatu wanaangalia simu kwa adabu. Hawa watatu watahitimu pamoja na sisi, na watapewa shahada ileile.

Hilo watu wanalijua. Lisilojulikana sana ni hili la vitu vidogo. Mara nyingi zoezi husimama kwa sababu multimita imeungua fyuzi yake ya ndani, ama proubu ya osiloskopu imekatika mguu, ama klampumita haina betri. Ununuzi wa kitu kama hicho hupita kwenye fomu zilezile za kununulia mashine kubwa, na muhula haungoji fomu. Ndiyo sababu mafundi sanifu wetu wengine hununua fyuzi Kariakoo kwa fedha za mifukoni mwao. Hatusemi hivyo ili kumsema mtu, tunasema kwa sababu wao hawaruhusiwi kulalamika mbele ya wageni na sisi tumeruhusiwa.

Upo pia mtambo mmoja wa kisasa, kwenye kona ile yenye turubai. Ulikuja kwa msaada, ukapokelewa kwa hotuba na picha. Unaendeshwa kwa programu yenye leseni ya kulipia kila mwaka. Leseni iliisha, bajeti ya kuihuisha haikuwepo, na mtambo ukafunikwa. Mota zetu za zamani, zilizokwisha kusukwa upya na mafundi wa mtaani, zinafundisha kila wiki. Tunamshukuru aliyetoa, maana alitoa kwa nia njema. Lakini tungeulizwa leo, tungechagua sanduku la fyuzi, waya, kontakta na relei kila muhula kuliko mtambo mwingine wa namna ile.

Kwa hiyo maombi yetu hayana gharama ya kutisha. Tunaomba kampuni unayoiongoza itusaidie kuanzisha mfuko mdogo wa vifaa vinavyokwisha, wenye utaratibu mwepesi ambao fundi sanifu anaweza kuutumia wiki hiyohiyo na kuleta risiti. Tunaomba mota zenu zilizoungua, kontakta zilizochoka, relei mlizozing'oa mlipobadilisha paneli. Kwenu ni chuma chakavu. Kwetu mota iliyoungua ni zoezi zima: tunaifungua, tunatazama ni koili za fezi moja au mbili tu ndizo nyeusi au zote, na kutoka hapo tunabishana ilikufa kwa kukosa fezi, kwa kuzidiwa au kwa kukosa hewa. Mkiambatanisha na kumbukumbu za matengenezo yake, hata kama ni karatasi moja yenye mafuta ya grisi, mtakuwa mmetutungia asaimenti ambayo haipo kwenye kitabu chochote.

Tunaomba pia utusemee juu ya ajira za mafundi sanifu. Katika kugawa nafasi hutazamwa kwanza wahadhiri, na fundi anayestaafu huondoka na ujuzi wake bila wa kumpokea. Maabara yenye mwalimu bila fundi haifunguliwi, hivyo jioni na Jumamosi, saa ambazo tungeweza kugawana makundi madogo, milango inabaki na kufuli.

Na mwisho ni nafasi za mafunzo kwa vitendo. Baada ya shahada tunajua kuna miaka mitatu ya mafunzo chini ya mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kuomba usajili kamili, na atakayetusimamia huko atauliza tumefanya nini kwa mikono, hatatazama tulipata alama gani. Tungependa kuanza kumjibu tukiwa bado hapa. Wanafunzi wachache kila likizo, wapewe tatizo la kweli la kiwanda chenu, warudi nalo darasani liwe mradi wa mwaka wa mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunawashukuru wakuu wa idara waliotuachia tuandike risala hii wenyewe na hawakufuta hata pale walipoguswa. Tunawashukuru walimu wetu, na kwa namna ya pekee mafundi sanifu, ambao majina yao hayatokei kwenye cheti cha mtu yeyote.

Baada ya risala hii tunakuomba upite mezani. Meza ya kwanza utaonyeshwa mota ikigeuzwa mwelekeo kwa kubadilishana fezi mbili, meza ya pili ni sta-delta, na meza ya tatu tumekuwekea mota uiwashe mwenyewe. Ikinguruma bila kuzunguka, tafadhali usitutazame sisi, mtazame bwana mwenye kikombe cha chai.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa mwaka wa nne kwa kushirikiana na mafundi sanifu wa maabara