Shafti ya steringi inateleza, shemeji anataka kuichomelea

Shikamoo Fundi,

Mimi mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa 11 Michigan. Mwaka jana nilinunua Chevrolet Chevelle SS 396 ya 1969, gia nne, mti wa gia uko chini. Injini ipo, bodi ina kutu ya kuvumilika. Steringi ndiyo ilikuwa imeshafunguliwa: muuzaji alinikabidhi mabomba mawili ya steringi ndani ya turubai, na kopo la rangi lililojaa pete, springi na skrubu, akaapa kwamba vyote ni vya gari hili. Muongo yule.

Bomba la kwanza naamini ndilo lenyewe. Lina kitasa cha ufunguo, na 1969 ndio mwaka General Motors walipoutoa ufunguo kwenye dashibodi wakauhamishia kwenye steringi, ukiuchomoa, usukani unajifunga. Shingoni halina tundu la mti wa gia. Chini lina mkono mfupi wa chuma ambao nusura niukate, nikidhani ni mabaki ya gari la otomatiki. Kumbe huo unaungwa kwa fimbo na giaboksi, ili ufunguo usichomoke mpaka uweke rivasi. Bahati msumeno ulikuwa butu.

La pili lina tundu la mti wa gia, mambo ya Peugeot 404 ya baba mdogo, tena kichwa chake kinainama juu na chini. Plagi yake ya waya za indiketa ina urefu wa inchi 4¼. Ya bomba la kwanza ni inchi 3⅞, na ndiyo inayoingia kwenye waya za gari. Nadhani hilo limetoka kwenye gari la miaka ya mwisho ya sabini.

Sasa shida yangu. Nilipolisimamisha bomba la kwanza sakafuni, shafti iliteleza ikazama karibu vidole vitatu, bila kusukumwa. Nikaivuta, ikarudi. Nikatikisa, vikadondoka vipande vya plastiki. Nijuavyo, shafti hizi ni mbili, moja ndani ya nyenzake, zimeshikiliwa na pini za plastiki, ili gari likigonga pini zikatike na shafti ijikunje kabla haijamfika dereva kifuani. Gari langu halina dalili ya kugongwa mbele. Ila ncha ya shafti, pale nati ya usukani inapokaa, imechanua kama uyoga. Kuna mtu aliipiga nyundo akitaka usukani utoke.

Shemeji yangu anasema tuichomelee, yaishe. (Ndiye aliyeitoa kwa bisibisi ile pete inayobana sahani ya kufungia usukani, badala ya kuazima kibanio chake. Springi ilifyatuka, pete ikaruka, hatujaiona hadi leo.) Nimemkatalia. Shafti isiyojikunja ni mkuki uliomwelekea dereva, na kiti cha pili huwa anakaa binti yangu.

Naomba unisaidie, Fundi. Pini hizo zinaweza kurudishiwa na mtu akazitegemea, au shafti hii ni ya kutupwa? Shafti ya bomba la pili ni imara kabisa, lakini ina kiungo pale kichwa kinapoinamia. Naona haiwezi kuingia kwenye bomba lisiloinama, au nakosea? Na bomba lenyewe la nje nitajuaje kama nalo halijafupika kwa nyundo zile zile? Nimelipima, ila sina zima la kulinganisha nalo.

Shemeji anarudi Jumamosi na mashine yake ya kuchomelea. Nitashukuru nikipata neno lako kabla ya hapo.

Msomaji wako,
Mtu wa Tanga, Michigan