Mkalale mji wa bandari

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mama yu mzima wa afya. Mfikishie shikamoo yangu. Nimefurahi mno kusikia mmeshalipia safari ya meli ya kitalii, na kwa kuwa umeniuliza mtafikaje bandarini na kupanda bila patashika, nakujibu kirefu.

La kwanza, na hili ulishike hata ukiyaacha mengine yote: msisafiri kwa ndege siku ile ile ya kupanda meli. Fikeni mji wa bandari jana yake, mlale huko, mama apumzike. Ndege ikichelewa, mtatafutiwa nyingine. Meli haina nyingine ya jioni. Imepangiwa saa ya kuondoka gatini, rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka bandarini, ameshapangwa, na bandari inayofuata inaitarajia. Ikishaondoka, kazi ya kuifuata inakuwa yenu, kwa fedha zenu, na pengine hata kuifuata msiruhusiwe. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya nje, yaani zilizosajiliwa nchi nyingine, kuchukua abiria bandari moja ya nchi hiyo na kumshusha nyingine, kwa hiyo aliyeachwa anaweza kukatazwa kudandia mbele ya safari. Fedha ya hoteli ya usiku mmoja isikuume kabisa.

Tena angalia vizuri hiyo bandari iko wapi. Matangazo ya safari hupenda kuandika jina la mji mkubwa, kumbe gati liko mbali nao. Ukisoma Rome, meli iko Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Paris ni Le Havre, karibu kilomita 200. London mara nyingi ni Southampton, na hapo ni mwendo wa saa mbili barabarani kukiwa shwari. Ukitafuta hoteli, itafute kwa jina la bandari yenyewe, usidanganywe na jina lililo kwenye tangazo. Na bandari kubwa kama Southampton, Miami au Barcelona zina majengo kadhaa ya abiria, mengine yako mbali na mengine. Mpe dereva jina la jengo na jina la meli, vyote viwili. Usiku wa kuamkia safari fungua tena barua pepe zako, maana meli huhamishwa jengo na taarifa hutumwa dakika za mwisho.

Sasa karatasi. Pasipoti zenu ziwe na uhai wa miezi 6 au zaidi baada ya siku ya kurudi, kwa sababu kampuni nyingi na nchi nyingi zinataka hivyo. Kwenye viza ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Meli inatoka nchi moja, inaingia nyingine, inarudi ya kwanza, na kila kurudi kunahesabiwa kuwa ni kuingia upya. Mkianzia Italia, mkapita Uturuki, kisha mkarudi Italia, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ikiwa ni ya kuingia mara moja haitatosha. Mkianzia Uingereza na kutia nanga Ufaransa, hizo ni viza mbili tofauti, na ile ya Uingereza lazima iwaruhusu kurudi. Usijisemee kwamba hamtashuka, mtabaki ndani ya meli. Wanaokagua hutazama ratiba nzima ya safari, na mwenye upungufu hurudishwa pale pale mlangoni.

Kujisajili kwa mtandao fanya mara tu dirisha linapofunguliwa. Utajaza taarifa za pasipoti, utapakia picha zenu, utaweka kadi ya malipo ya matumizi ya ndani, kisha utachagua saa ya kufika. Saa nzuri huisha haraka. Kwa ajili ya mama nakushauri ya katikati ya mchana, msongamano wa kwanza ukishapungua. Kuwahi sana kuliko saa yenu hakusaidii, mtaambiwa msubiri, na viti vya kusubiria ni vichache. Ila ujue usajili hufungwa mapema, mara nyingi dakika 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka, na kampuni nyingine hufunga mapema zaidi, kwa kuwa orodha ya abiria lazima ikabidhiwe kwa mamlaka kabla ya safari. Tiketi ikisema meli inaondoka 16:00, yaani saa 10 jioni, usije ukapanga kufika saa 9.

Kama mama atahitaji kiti cha magurudumu, omba wiki kadhaa kabla, kwa maandishi. Kutoka mlangoni hadi ndani ya meli ni mwendo mrefu wenye foleni na ngazi ya kupandia iliyoinuka.

Mizigo nayo ina utaratibu wake. Utachapisha lebo zenye namba ya chumba na kuzifunga kwenye masanduku. Mkishuka tu kwenye gari, wachukuzi wanayapokea, yanatupwa kwenye kizimba cha chuma, na hamtayaona tena hadi alasiri au hata usiku, yatakapowekwa mlangoni kwa chumba chenu. Niliwahi kumwona baba mmoja mbele yangu kwenye foleni akijipapasa mifuko ya koti, moja baada ya nyingine, huku mkewe akitazama kule kizimba kilikopelekwa. Pasipoti zote zilikuwa sandukuni. Walitolewa pembeni, na sisi tukapita. Kwa hiyo begi dogo la mkononi lisitoke kwako: pasipoti, karatasi za safari, dawa zote za mama pamoja na cheti cha daktari, miwani, chaja ya simu, nguo ya kubadilisha. Pasi ya nguo na mishumaa viacheni nyumbani, vitachukuliwa kwenye ukaguzi.

Ndani ya jengo mambo huenda mbio: mashine ya kukagua mizigo, dawati la pasipoti, pengine maswali mawili matatu ya afya, kisha kadi ya chumba, ambayo ndiyo ufunguo wenu na ndiyo mtakayoonyesha kila mkitoka na kurudi. Vyumba kwa kawaida huwa tayari mchana. Wakati mnasubiri, kaleni.

Kuna jambo moja halikwepeki, nalo ni zoezi la usalama. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na walikuwamo abiria waliopanda siku hiyo hiyo kabla hawajafanyiwa zoezi lolote. Wakati huo sheria iliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mpeleke mama mahali penu pa kukusanyika mapema, ajue njia kwa miguu yake na si kwa kusikia, na aijue ile ishara ya hatari: milio 7 mifupi na mmoja mrefu.

Nitumie ratiba yenu ukishaipata, niitazame kituo kwa kituo upande wa viza kabla hamjaenda ubalozini.

Akupendaye daima,
Rafiki yako