Kiswahili kisiwe mgeni katika shule za kimataifa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo sisi wazazi wa Malindi wenye watoto katika shule za kimataifa tumelinyamazia kwa muda mrefu, pengine kwa kudhani kwamba aliyekubali kulipa karo ya kiasi kile amekubali na mengine yote.

Binti yangu yuko darasa la nne. Muhula uliopita hesabu za sehemu zilimshinda kabisa, hata akawa analia kila akifungua daftari. Jioni moja nilichukua kibaba tunachopimia mchele, nikamweleza kwamba vibaba vinne ndiyo pishi moja, kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi na viwili ni nusu yake. Akaelewa papo hapo, akamaliza maswali yote bila ya kuniuliza tena. Pembeni mwa ukurasa alikuwa ameandika "robo". Daftari lilirudi majibu yote yakiwa sahihi, lakini neno hilo limekatwa kwa wino mwekundu, na chini yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba Kiswahili hakitumiki darasani.

Shule hiyo hujitangaza kuwa ya lugha nyingi, na kwa kiasi fulani ni kweli: masomo ni kwa Kiingereza, Kifaransa kipo, na watoto wa Kiitaliano hupata vipindi vya lugha yao karibu kila siku. Kwa hilo siilaumu hata kidogo. Waitaliano ni majirani zetu tangu miaka ya 1960, lilipowekwa jukwaa la San Marco la kurushia setilaiti kule Ngomeni, na ni haki ya mzazi kutaka mwanawe aweze kumwandikia nyanya yake bila ya kubabaika. Kiswahili, kwa upande wake, kina kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa alasiri watoto wakiwa wamekwisha kuchoka, na humo mtoto aliyezaliwa Shela na mwenzake aliyewasili mwezi jana kutoka Milano hufundishwa pamoja majina ya rangi na siku za juma.

Hakuna kinacholazimisha iwe hivyo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata Cambridge, ambao mitihani yao ndiyo inayofuatwa na shule hiyo, wana mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE, yaani cheti chao cha kimataifa cha sekondari.

Mtoto aliyekwisha kuielewa robo kwa lugha ya nyumbani hahitaji kufundishwa robo upya. Anahitaji kuambiwa jina lake la Kiingereza tu. Mwalimu anayemkataza lugha hiyo anamnyang'anya ngazi huku akimtaka apande.

Ninachoomba si kikubwa: vipindi vya Kiswahili viongezwe, wanaokizungumza nyumbani watengwe na wanaoanza ili wasome insha na ushairi unaowafaa, na kalamu nyekundu isiguse neno ambalo mtoto ameliandika ili kujielewesha. Nitaliwasilisha ombi hili kwa maandishi katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao, nami ningeshukuru wazazi wa Watamu, Kilifi na Mombasa wakieleza katika safu hii jinsi shule zao zinavyofanya.

Mzazi,
Malindi